Mshika Siku

Bangili ilitetemeka mkononi mwa Tumpale akiwa anamenya ndizi za mchana, na alipoisoma kisu kikamponyoka kikatumbukia kwenye beseni. Kumi na mbili. Jana asubuhi alisoma kumi na tisa. Usiku mmoja hula siku moja, hata mtoto anajua hivyo, sasa hizi nyingine sita zimekwenda wapi?

Alifuta kioo cha bangili kwa upindo wa kanga, akidhani utomvu wa ndizi ndio unaomchezea macho. Namba ilibaki palepale. Upande wa pili wa ukuta wa mbao kitanda cha kujigeuza cha baba mkwe wake, Mzee Anganile, kilishusha pumzi na kumgeuza ubavu, kama kilivyofanya kila baada ya saa mbili, na mzee akakohoa mara moja. Kikohozi kilekile cha jana na juzi. Kwa masikio yake hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Kadirio, kifaa kilichoilisha bangili namba, lilikuwa kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Lilipandwa chini ya ngozi ya mgonjwa, karibu na mtulinga, likasoma damu, pumzi, usingizi na mapigo ya moyo, na namna mwili unavyojitetea au unavyoacha kujitetea. Kisha lilitoa namba moja: siku zilizobaki. Namba hiyo ilikwenda kwa mtu mmoja tu, mvaa bangili, ambaye watu walimwita mshika siku. Yeye ndiye aliyepanga dawa na nesi, na yeye ndiye aliyejua ndugu waitwe lini. Mgonjwa alikuwa na haki ya kujua namba yake, na alikuwa na haki ya kukataa. Mzee Anganile alikataa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili.

Wengi walikataa. Miaka ya mwanzo ya Kadirio wagonjwa walioambiwa namba zao walipoteza theluthi ya siku zao ndani ya juma moja, na madaktari wakaandika kurasa nyingi za kulieleza jambo hilo. Watu wa kijijini Lubanda hawakuhitaji kurasa. Walisema tu kwamba mtu akishaambiwa, mwili unaacha kazi.

Kilichowashangaza majirani ni kwamba mzee alimpa bangili mke wa mwanawe, akamruka Lusekelo, mtoto wake wa kiume wa pekee. Nesi alipomuuliza sababu, mzee alicheka mpaka akashika ubavu. "Lusekelo uso wake hauna mlango," alisema. "Nikimtazama mara moja nimeshajua kila kitu. Mkwe wangu simwoni."

Ilikuwa kweli. Katika nyumba nyingi za Rungwe mwiko wa baba mkwe na mke wa mwanawe kutotazamana ulikuwa umebaki kichekesho cha harusini. Kwa Mzee Anganile ulikuwa hai na wenye afya kuliko yeye. Miaka kumi na minne Tumpale aliishi katika nyumba ile bila kuuona uso wake. Akimwona kwa mbali njiani, aliingia migombani mpaka apite. Chakula alikiweka mlangoni, akabisha, akaondoka, na tangu mzee aanguke kitandani Lusekelo ndiye aliyekiingiza ndani na kumwogesha kabla ya kwenda kiwanda cha chai. Mazungumzo yao yote na utani wao wote vilipita katika ukuta wa mbao, na hakuna mtu duniani aliyewahi kumchekesha Tumpale kama yule mzee asiyemjua sura.

Sasa alisimama jikoni na mikono yenye utomvu, akijiuliza nini kimemkata mzee siku sita kwa mpigo mmoja. Kitu fulani moyoni mwake kilishaanza kumnong'oneza jibu, naye hakutaka kulisikia.

*

Nesi Ikupa wa tiba shufaa, ile ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alifika saa nne kwa pikipiki yake ya umeme, na sanduku la dawa limefungwa nyuma. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyewaaga wagonjwa wengi katika milima ile kuliko anavyopenda kukumbuka. Tumpale hakumngoja ashuke. Alimvuta nyuma ya jiko akamwonyesha mkono.

Ikupa alisoma, na uchangamfu ukamtoka usoni.

"Dada, umemwambia?"

"Nife hapa niliposimama."

"Kuna mwingine anayejua namba?"

"Hata Lusekelo hajui. Nalala nimemgeuzia mgongo asije akanisoma."

"Basi jana kulikuwa na nini?"

Tumpale alitazama ua, na nesi akafuata macho yake. Ulikuwa safi kwa namna ambayo haujawa tangu masika. Majani yalikuwa yamefyekwa kutoka kizingitini mpaka barabarani. Migomba ilikuwa imepogolewa majani makavu, mikeka yote ya nyumba ilikuwa imeanikwa juani, na kando ya ukuta kulikuwa na mawe matatu makubwa ya kutosha sufuria la watu mia. Jana Tumpale alikuwa amewaita majirani wawili na mafyekeo yao, wakafyeka mpaka adhuhuri, kwa sababu namba ilisema kumi na tisa na mama yake alimlea akijua kwamba waombolezaji hawapokewi kwenye majani ya magotini. Ilikuwa ni aibu tu aliyoiwazia. Aibu ya kusemwa na wanawake wa kanisani.

Kule milimani ua hufyekwa hivyo kwa mambo mawili, harusi na msiba, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu anayeoa.

"Dirisha lake ni lile?" Ikupa aliuliza polepole.

"Ndilo lile."

"Basi amesikia."

Tumpale alikaa chini, palepale kwenye majivu ya jiko. "Nimemuua, nesi. Nimemuua kwa fyekeo."

"Saratani ya ini ndiyo inayomuua. Usijipe cheo ambacho si chako." Ikupa aliinama akamshika bega. "Hajajua. Anashuku. Kushuku kunaweza kurudishwa nyuma. Ongea naye mambo ya mwakani. Mwambie mnapanda kitu, mnajenga kitu, lolote lenye safari ndefu. Na namba ikibadilika mchana, nipigie hapohapo, maana kwa kawaida hubadilika asubuhi tu."

"Na Bupe?"

Nesi aligeukia barabara. Bupe alikuwa binti wa mzee, na wilaya nzima ilijua habari zake. Mama yake alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, Bupe alikuwa karantini katika mgodi wa Solwezi, huko Zambia, na hakuruhusiwa kutoka. Mzee hakutaka kusikia habari za karantini. Alisimama kaburini akasema, watu wote wakisikia, kwamba Bupe atakanyaga kwake siku ya kumzika yeye, na si kabla. Tangu hapo baba na binti hawakuwahi kusemezana. Lakini tangu augue, mara mbili Tumpale alimsikia akilitaja jina la Bupe usingizini.

"Bupe akiingia uani humu," Ikupa alisema, "mzee atajua kabla binti hajavua viatu."

"Asipokuja?"

"Asipokuja mzee atapata siku zake zote, na atazimaliza bila mwanawe." Alishusha pumzi. "Mimi nimefundishwa kupunguza maumivu, dada. Hayo nayo ni maumivu, najua, ila chupa yake sina humu sandukuni."

Aliingia kwa mzee kumpa mofini, na kupitia ukuta Tumpale alimsikia nesi akicheka. Alicheka sana mno, kicheko cha mtu anayepita makaburini.

Jioni, kabla Lusekelo hajarudi, Bupe alipiga simu.

"Wifi, nipe namba."

"Siwezi, wifi yangu."

"Basi usiitaje. Niambie nianze safari au nisianze. Ni siku tatu kwa gari, barabara ikiwa nzima. Niambie hilo tu."

Tumpale aligeuka akautazama ukuta wa mbao. Akisema njoo, amempunguzia mzee siku. Akisema usije, amemnyima Bupe baba. Hata kunyamaza kwake kulikuwa kunasema, naye alisikia upande wa pili Bupe akianza kulia taratibu.

"Nipe mpaka kesho," alisema, akakata simu. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi.

*

Kesho yake namba ilikuwa kumi na moja. Imeshuka moja tu, kama inavyotakiwa, na Tumpale akapata nguvu ya kufanya alivyoagizwa. Baada ya chakula cha mchana alichukua kigoda chake, akakiweka mahali pake pa siku zote, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao.

"Baba, umelala?"

"Niko macho, mkwe. Ndaga, asante." Sauti ilikuwa imekonda, lakini ilikuwa yake.

"Tumeagiza miche ya parachichi. Mia mbili. Lusekelo anataka tupande bonde lote la chini."

Mzee alikohoa. Kisha akauliza, "Parachichi huzaa baada ya miaka mingapi siku hizi?"

"Mitatu, baba. Hii mipya labda miwili na nusu."

Bangili ilitetemeka. Aliitazama akidhani ameikosea. Kumi.

"Na majani mmefyeka kwa ajili ya hayo maparachichi?"

"Hapana, baba. Alionekana nyoka."

Tisa. Nyuma yake mzee alikuwa anapumua polepole, akisubiri, na Tumpale, badala ya kunyamaza, akafanya anachofanya kila mwongo aliyebanwa, akaongeza maneno.

"Mkubwa, baba. Karibu na choo. Watoto wa jirani ndio waliomwona, ndiyo maana tuka..."

Nane.

Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kila neno lake lilikuwa linamkata mzee siku, na alikuwa ameyaona yakifanya kazi hiyo mbele ya macho yake. Ilikuwa mchana wa jua kali, kuku wakichakura uani, na Tumpale hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Alipaswa kumpigia nesi. Simu ilikuwa jikoni, na hakuthubutu kuondoka ukutani.

Alinyamaza. Namba nayo ikatulia.

"Mbona umeishia njiani?" mzee aliuliza. "Nasikia unavyohema."

Tumpale aliuma upindo wa kanga.

"Mkwe, sikiliza. Nyumba nzima inatembea kwa vidole. Lusekelo ananiogesha hatamki neno. Yule nesi anacheka kama amelipwa. Na wewe, wewe ulikuwa ukinifokea kupitia ukuta huu nikigoma kula, juzi nimegoma ukasema pole, baba. Nikajua." Alipumzika. Kusema kulikuwa kunamchosha. "Humu ndani nimekaa na kitu kikubwa, na kila anayepita anasema hakipo. Naogopa, mkwe wangu. Naogopa sana, na naogopa peke yangu."

Katika miaka kumi na minne hakuwahi kumsikia akisema neno hilo.

"Ulitia sahihi, baba," Tumpale alisema. "Ulisema hutaki kujua."

"Nilitia sahihi siku ambayo sikuwa naogopa."

"Sasa unataka nikuambie?"

Upande wa pili ukucha ulikwaruza mbao.

"Sijui," Mzee Anganile alisema.

Tumpale angependa aseme ndiyo. Angependa hata aseme hapana. Alikuwa na karatasi yenye sahihi ya mzee wa jana na sauti ya mzee wa leo, na hizo mbili hazikusema kitu kimoja, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza amtii yupi. Akimwambia, huenda namba ikaporomoka mpaka chini ikaishia hapohapo mikononi mwake. Asipomwambia, atazidi kumsikiliza akiisha upande wa pili wa mbao, mzee akijua kwamba mkwewe anajua, akimwita mwongo kwa adabu. Hilo la pili alikuwa amelifanya kwa siku nyingi. Aligundua kwamba hawezi tena kulifanya hata kwa dakika moja.

Alipiga moyo konde, akainuka, akazunguka mpaka mlangoni. Mkono wake ulishika pazia ukaganda. Mama mkwe wake, alipokuwa hai, alimwonya kwamba mwanamke anayemtazama baba mkwe huvimba miguu, na ingawa Tumpale alikuwa na cheti cha kilimo na hakuamini mambo hayo, miguu ilikuwa mizito kweli. Alivuta pazia akaingia.

Mzee alikuwa ameelekea ukutani, na aliposikia hatua hakugeuka. Alikuwa mdogo. Sauti yake yote ile, na mwili wenyewe ulikuwa mwembamba chini ya blanketi kama fimbo. Kitanda kilishusha pumzi, saa yake ilikuwa imefika, kikamgeuza taratibu bila kumwuliza mtu, mpaka wakawa wanatazamana ana kwa ana. Macho yake yalikuwa ya njano. Alikuwa na kovu kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kumwambia Tumpale habari zake.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Na mimi naogopa, baba," Tumpale alisema. "Nimekuja tuogope wote." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Zimebaki nane. Jana asubuhi zilikuwa kumi na mbili. Nilifyeka ua kwa ajili ya wageni wa msiba wako, na hakuna nyoka, na hakuna miche."

Mzee alifumba macho. Bangili ilitetemeka, na tena, na tena. Saba. Sita. Tano. Tumpale aliikamata kwa mkono wa pili kana kwamba angeweza kuizuia, akawa anasema Mungu wangu, Mungu wangu, kwa sauti ndogo, akingoja kutetemeka kunakofuata. Kulichelewa. Alingoja. Mzee alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine.

"Solwezi ni siku ngapi?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Tatu."

"Mwambie aje." Machozi yalipita kwenye mikunjo ya shavu lake, na hakujaribu kuyaficha. "Mwambie nilisema maneno ya kijinga kaburini kwa mama yake. Mwambie nitamwambia mwenyewe, ila akikuta nimeshindwa, mwambie wewe."

"Nitamwambia, baba."

"Sasa nipe hicho kitu."

Tumpale alielewa, na hakutaka. Bangili hufunguka kwa kidole gumba cha mshika siku, na ikishafungwa kwenye mkono wa mwenye Kadirio hairudi kwa mwingine, wala mwingine hawezi tena kuisoma. Kwa miezi miwili alikuwa ameichukia kuliko kitu chochote alichowahi kuvaa. Lakini ilikuwa inamwambia. Bila hiyo angeamka kila asubuhi bila kujua kama ni leo.

"Niachie mimi, baba. Utapumzika."

"Umeibeba vya kutosha. Ni zangu."

Alibonyeza gumba, bangili ikaachia. Alipoivua ilikuwa bado inasoma tano, na alipoipitisha kwenye mkono ule mkavu ilitetemeka tena, lakini kioo kilikuwa kimeshageukia upande wa mzee. Iliteleza karibu na kiwiko. Mzee aliinua mkono, akaisoma. Aliisoma kwa muda mrefu, kisha akaisoma tena.

"Ni ngapi, baba?"

"Zinatosha."

"Zinatosha siku tatu?"

"Nimesema zinatosha, mkwe."

Sauti ilikuwa imara, sauti ileile ya utani. Lakini hiyo sauti ndiyo aliyokuwa akimtolea miaka yote kupitia mbao, na alijua kuipanga atakavyo. Tumpale alimtazama usoni, akatafuta kile ambacho watu wengine hukiona mara moja kwenye nyuso za watu wao. Hakuona chochote cha kumsaidia. Hakujua uso ule ukiwa na amani hukaaje, wala ukiwa unaficha jambo hukaaje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona.

Alitoka mbio mpaka jikoni, akachukua simu. Bupe alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Ondoka sasa hivi, wifi. Baba anakuita. Usilale njiani."

Alisikia kitu kikianguka, kisha mlango, kisha hatua za mtu anayekimbia kwenye kokoto.

"Zimebaki ngapi?" Bupe aliuliza, akihema. "Wifi, nipo kwenye gari. Niambie nitamkuta. Zimebaki ngapi?"

"Sijui," Tumpale alisema. Tangu avae bangili ile, ilikuwa mara ya kwanza jibu hilo kuwa la kweli, na lilimtisha kuliko namba zote alizowahi kuzisoma.